Mjomba Asiangalie Mpira

Timu yetu mwaka huu haina tatizo lolote. Tatizo ni mjomba wangu. Subirini niwaeleze, maana habari hii imenijaa mpaka kooni, nisipoitoa nitapasuka.

Kwanza mjue mpira kwetu unaangaliwa wapi. Baba ana karakana ya masofa. Siku ya mechi cherehani zinafunikwa, televisheni inapandishwa juu ya kabati ambalo hata vanishi halijapigwa, na watu wanakaa kwenye masofa ya wateja. Yakiwa na nailoni zake, ndiyo! Mteja anapiga simu, "Sofa langu limefikia wapi?" Baba anajibu, "Liko kwenye majaribio, mama." Na kweli linajaribiwa, maana kila tukifunga goli kuna mtu mzima na kitambi chake analirukia.

Baba ndiye mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki. Katibu ni Mwalimu, anafundisha hesabu shule ya hapo karibu. Halafu kuna Godoro, muuza magodoro wa duka la pili, mtu mwenye sauti utadhani kameza spika. Na Mjomba, kaka yake mama, ndiye fundi mkuu. Hakuna sofa linalotoka pale bila kupita mikononi mwake, kuanzia mbao, mikanda, sponji, hadi kifungo cha mwisho. Tena ndiye aliyemleta baba kwenye timu hii, zamani, kabla baba hajamjua mama. Mama husema kaka yake alimtafutia mume uwanjani, ndiyo maana kapata mume wa kununa kila Jumapili.

Mwaka jana tuliponea chupuchupu kushuka daraja. Sasa mwaka huu, mechi ya ufunguzi, tukashinda tatu bila! Watu wazima walilia. Mjomba hakuwepo, alikuwa amelazwa, wamemtoa kidole tumbo. Wiki iliyofuata karuhusiwa, kaja moja kwa moja kutoka hospitali na bandeji yake, akaingia karakana tukiwa tunaongoza mbili. Akakaa kwenye kona yake. Kabla hajavuta pumzi, wenzetu wakafunga. Hajamaliza kusalimia, la pili. Sare.

"Shemeji," baba akasema bila kugeuka, "umeingia na mguu gani?"

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka, kashika mshono.

Mechi ya tatu alikuwa amekwenda kusafisha kidonda, foleni ikamchelewesha, tukashinda. Hapo Mwalimu akachukua chaki, akachora kwenye ubao wa kabati: huku akiwepo, huku asipokuwepo. Akanigeukia. "Wewe msomi wa takwimu, hebu waambie hawa."

Nimesoma takwimu chuo, cheti kiko ukutani sebuleni. Nilijua fika mechi tatu hazithibitishi hata kwamba kesho kutakucha. Lakini karakana nzima ilikuwa inanitazama, na tulikuwa tunaongoza ligi, jamani, sisi! Nikasema, "Uhusiano upo. Tena mkubwa." Walinishangilia kuliko siku ya mahafali yangu.

Jina lilipatikana pale pale. Mkosi.

"Hatukufukuzi, shemeji," baba akamwambia kabla ya mechi iliyofuata. "Tunakuomba tu ukae nje. Kwa ajili ya timu."

"Kwa ajili ya timu hata mkinipeleka makaburini nitalala," Mjomba akasema. Wala hakuwa anatania.

Tukashinda. Tukashinda tena, ila siku hiyo tulikosa penalti, na Godoro alipotoka kwenda chooni akamkuta Mjomba kabandika sikio kwenye bati.

"Anasikiliza! Jamani, Mkosi anasikiliza! Ndiyo maana tumekosa!"

Kulikuwa na ndoo ya maji ya kuoshea brashi za gundi. Godoro akammwagia yote. Mjomba akabaki kasimama, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viatu, huku akiuliza, "Lakini tunaongoza, si ndiyo?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi nilikaa chini kabisa. Toka siku hiyo watoto wa mtaani wakimwona anapita wanaziba macho na kupiga kelele, "Usituangalie, tuna mtihani!"

Mama hakupenda. Usiku akamwambia baba, "Huyo unayemfanya hivyo ni kaka yangu."

"Na hii ni timu yangu."

"Timu uliyopewa na nani?"

Baba akaongeza sauti ya redio.

Sasa ikaja wiki ya kucheza na majirani, wale tunaogombana nao mji huu huu. Mjomba akamfuata baba mezani, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Shemeji, kukaa nje nimekaa. Lakini nataka kujua mwisho wake. Mimi timu hii nimeiangalia uwanja mtupu, mvua inanyesha, tunapigwa sita. Leo inashinda, kazi yangu kukisia kelele. Kelele hii ni goli lao? Hii ni goli letu? Inaniua."

Baba akamtazama kidogo. Nadhani alimwonea huruma, kwa sababu alizima mashine.

"Sikiliza. Majirani hatujawafunga tangu huyu binti anatambaa. Tukiwafunga wewe ukiwa mbali, mkosi umevunjika. Kiti chako kinakurudia, tena unakaa katikati. Mwalimu ni shahidi."

"Kweli, shemeji?"

"Kweli. Lakini ukiangalia, hata kwa jicho la wizi, humu usikanyage tena. Si mpira, si kazi."

"Na tukifungwa?" Godoro akauliza.

"Tutafungwaje? Atakuwa hayupo."

Basi akapangiwa kupeleka sofa la kona kwa mteja mwisho wa mji, na mimi nikapewa kazi ya kumlinda. Nilinuna njia nzima. Yeye alikuwa anapiga mluzi. "Wiki ijayo," akaniambia, "nitakaa na nani kushoto? Baba yako anapiga watu viwiko."

Mteja alikuwa nesi mstaafu, mama mpole. Sofa la kona haliingii mlangoni likiwa limeungwa, lazima uliungie humo humo sebuleni. Tulipoingia, mama wee! Televisheni ukutani pana kama mlango, mechi ndiyo inaanza, na mume wa yule mama kakaa kwenye kiti cha plastiki amevaa jezi ya majirani.

"Tutarudi baadaye," Mjomba akasema, kashageuka.

"Baadaye lini, fundi? Wakwe zangu wanakuja jioni. Niwakalishe sakafuni?"

Mjomba akatazama chini. Kisha akatoa kisu, akakata sponji, akajiziba masikio yote mawili. Akaipa televisheni mgongo, akapiga magoti, akaanza kukaza nati. Mechi nzima, jamani, aliangalia ukuta.

Mimi niliangalia mpira. Niliambiwa nimlinde yeye, sikuambiwa nifumbe macho.

Na tukafunga kwanza! Niliruka, nikajiziba mdomo kwa mikono yote. Kivuli changu kiliruka ukutani mbele yake. Mgongo wake ukatetemeka. Shavu lake nililiona kwa upande, lilikuwa limejaa tabasamu, anaitabasamia pakiti ya misumari. Lakini shingo hakuigeuza.

Baada ya hapo, sijui niseme nini. Wakasawazisha. Wakaongeza. Mabeki wetu walikuwa wanapishana kama wageni kwenye korido ya hospitali. Mzee wa jezi akawa hakaliki.

"Fundi! Njoo umwone kipa wenu anavyookota mipira nyavuni, utadhani anaokota kuni!"

Mjomba hasikii.

"Fundi! Mmeleta timu au mmeleta msiba?"

Alipoona hajibiwi akamrushia mto. Ukampiga kisogoni. Mjomba akauokota kwa kupapasa, akaukung'uta, akauweka vizuri kwenye sofa, akaendelea na kazi.

Mpira ulipoisha alikuwa anafuta vumbi miguu ya sofa. Akanigeukia mimi, si televisheni. Akatoa sponji.

"Ngapi?"

"Nne moja."

"Moja yetu?"

"Yetu."

Kwenye gari nikataka kumtia moyo. "Mjomba, hukuangalia. Mimi nimekuona kwa macho yangu. Nitawaambia, hawawezi kukulaumu."

Tukavuka taa za barabarani. "Sasa kama sikuangalia," akasema, "nani kawafunga?"

"Mabeki!"

Akageuzia uso dirishani.

Karakana ilikuwa kama nyumba yenye maiti. Godoro kalala kifudifudi kwenye sofa la mtu, nailoni ina kamasi. Mwalimu kakaa chini ya ubao wake. "Ni ile ile," anasema peke yake. "Timu ile ile ya mwaka jana, wamebadilisha jezi tu. Tutashuka. Safari hii tunashuka kweli." Na baba, baba yangu mimi, alikuwa juu ya stuli anaishusha bendera. Kamba haifunguki.

"Mimi basi," akasema. "Nimezeeka nikisubiri. Kuanzia wiki ijayo siku ya mechi hapa ni kazi tu. Televisheni nauza."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nataka kutoa ushahidi wangu. Mjomba akanitangulia. Alikuwa mlangoni, macho yake yako kwenye bendera.

"Niliangalia," akasema.

Godoro akainua kichwa.

"Umesemaje?" Baba akageuka juu ya stuli.

"Mteja alikuwa na televisheni. Nikachungulia."

Mwalimu akasimama kama askari. "Ulichungulia saa ngapi? Wakati gani hasa?"

"Tulipofunga. Nilitaka kuona goli letu."

"Na wakasawazisha?"

"Hapo hapo."

"NILISEMA!" Godoro akainuka na sofa nusu. "Si nilisema? Timu haina kosa! Timu iko sawa, nani asiyeona!" Akamfuata Mjomba akamzaba kibao, kofia ikarukia kwenye pipa la makombo ya sponji. Watu wakashangilia kama goli limeingia. Mwalimu kashafuta ubao, anachora upya, chaki inakatika mkononi. "Mechi hii haihesabiki! Imeharibiwa! Ukiiondoa hii, hatujafungwa hata moja!"

"Baba, si kweli," nikapiga kelele. "Nilikuwa naye, hakugeuka hata—"

"Wewe ulikuwa unaangalia mpira," Mjomba akanikata. "Mimi ungeniona saa ngapi?"

Wakanicheka. Na nitawaambia kitu. Nilikuwa nimemwona. Goli la kwanza hadi la mwisho, uso wake ulikuwa umeelekea ukutani. Lakini pale katikati ya zile kelele kitu ndani yangu kikaanza kusema, pengine aligeuka. Kidogo tu, nilipokuwa nimeruka. Na nilivyokiruhusu kusema hivyo, moyo wangu ukawa mwepesi ajabu. Nikanyamaza.

Baba alishuka kwenye stuli, bendera iko begani. Uso wake ulikuwa umerudiwa na damu, mtu wa dakika mbili zilizopita humjui tena.

"Shemeji, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana."

"Basi weka vifaa."

Mjomba akaweka nyundo. Akaweka mkasi, akaweka bunduki ya pini. Futi ya shingoni aliisahau, baba akaivuta mwenyewe, ikamkwaruza. Mkoba wake Godoro aliusukuma kwa mguu mpaka nje, na watu wakaimba, "Mkosi katoka, kombe linaingia!" wakipiga nailoni kwa viganja. Baba akapanda tena stuli. Bendera akaifunga juu zaidi ya pale ilipokuwa.

Nikamfuata Mjomba nje. Alikuwa anaokota misumari iliyomwagika, shavu moja limevimba.

"Mjomba, kwa nini umewaambia hivyo?"

"Wiki ijayo tunacheza na nani?"

"Na wale wa mkiani."

"Hao tunawapiga," akasema, na uso wake wote ukacheka, hata upande uliovimba. "Hao tunawapiga nyingi. Mimi nitatafuta pa kwenda."

Nilitaka kumjibu, lakini ndani wakaniita. "Msomi! Njoo utupigie hesabu! Tukishinda zote zilizobaki tunamaliza na pointi ngapi?"

Nikamwacha pale na misumari yake. Nilipoingia walikuwa wanagombana basi la kubebea kombe lipite barabara ipi.