Mkoba wa Kobe

Darasani walimwita Kobe, kwa sababu hakuvua mkoba mgongoni. Alikaa ukingoni mwa dawati, mguu upande, macho mlangoni. Mtu akipita nje, alisimama. Tangu muhula uanze, daftari lake halikuwa na hata mstari mmoja.

"Nimemvumilia," mwalimu wake aliniambia. "Asipoandika mpaka Ijumaa, namrudisha darasa la tatu."

Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi ni mama yake mdogo, riziki yangu cherehani. Nilidhani ni ukaidi. Jioni, alipokwenda kuoga, nilichukua wembe nikafumua mikanda ya mkoba. Asipoweza kuuvaa, nilijiambia, atauweka chini.

Kesho yake, kabla ya mapumziko ya asubuhi, nilikuwa natunga uzi kwenye sindano alipoingia mbio na kiatu kimoja, mkoba ameukumbatia. Hakusalimia. Alinishika uso, kisha mikono, akaniwekea sikio kifuani.

"Mama mdogo, upo?"

"Nipo. Niende wapi na nguo za watu zimenijaa hivi?"

Hakucheka. "Umefumua ili nichelewe tena."

"Tena?"

Akaeleza huku akizunguka chumba. Siku ile mwalimu alisimama mlangoni akamwambia awahi hospitali, mama amezidiwa. Yeye alikuwa ametandaza penseli zake za rangi. Akazikusanya kwanza. Ya kijani ikabingirika chini ya dawati la mbele, akaifuata. Alipofika, mama yake alikuwa ameshafunikwa.

"Ningeiacha ile ya kijani ningemkuta."

Sindano ilinidondoka. Mwaka mzima nililala chumba kimoja na mtoto huyu, nisijue.

"Njoo," nilisema. "Mama yako alikata roho kabla hatujamtuma mtu shuleni. Mimi ndiye niliyesema uambiwe amezidiwa. Msiba mtu haambiwi njiani, ndivyo tulivyozoea. Nilitaka ufike salama kwanza."

"Kwa hiyo hata ningekimbia?"

"Hata ungeruka, mwanangu."

Hakulia. Aligusa mkasi, akagusa futi ya kupimia, akaenda mlangoni, akarudi.

"Shona," alisema, akaniwekea mkoba mapajani. "Mara mbili, usifumuke."

Nilishona mara tatu.

Mwalimu nilimweleza yote. Akamhamishia dawati la karibu na mlango. Ijumaa nilisimama nje, pembeni mwa dirisha, nikijifanya nasubiri mtu. Kobe alikuwa na mkoba mgongoni, mguu mmoja kizingitini. Alipeleka mkono nyuma, akapapasa, akatoa daftari. Akaandika tarehe. Mpishi wa shule akapita na ndoo. Kobe akasimama, akamtazama mpaka akaishia. Akaketi, akaendelea.

Aliandika kwa penseli ya kijani, rangi wasiyoruhusiwa. Mwalimu aliona, akapita.