Sinia Halijavuka Mlango

Mwalimu wa uigizaji alikuwa na ulimi mkali. Mbele ya darasa zima alimwambia Mkwaruzo, aliyepachikwa jina hilo kwa sauti yake ya kukwaruza, kwamba jukwaa halimtaki.

"Muhula ujao utahamia chumba cha mavazi, ukashone. Kwenye mtihani utakuwa mtumishi. Unaingia na sinia, unatoka na sinia. Hata hilo usije ukaliharibu."

Mtahini wa nje ndiye angeamua nani abaki kwenye uigizaji, na angempaje alama mtu asiyefungua mdomo? Mkwaruzo alijua anazikwa akiwa hai.

Nyumbani, shangazi yake aliyemlea, msusi mwenye maneno yake, alimuuliza atasema nini.

"Sisemi kitu, shangazi."

"Kwa hiyo nifunge saluni nije kuangalia sinia?"

"We njoo tu."

Hakusema hivyo kwa kubahatisha. Kwenye mazoezi mwalimu alikuwa amemkaririsha mwendesha taa, binti wa mwaka wa kwanza aliyemwogopa kupita kiasi, ishara moja ya kumaliza mchezo: sinia likivuka mlango, zima taa zote. Halijavuka, usiguse kitu, hata mimi mwenyewe nikipiga kelele.

Siku ya mtihani, jukwaani, mwigizaji wa bwana mwenye nyumba alimaliza hotuba yake ndefu, akatoka na mkewe kwa maringo. Mtumishi akabaki kukusanya vikombe. Alivikusanya, akanyanyua sinia, akaenda hadi mlangoni, akasimama.

Akageuka. Akarudisha sinia mezani, akaketi kwenye kiti cha bwana, akajimiminia chai, ambayo ilikuwa maji ya rangi tu, akainywa taratibu huku akiwakazia macho watazamaji. Kisha akanyoosha kikombe kuelekea pembeni mwa jukwaa, alikojificha mwalimu, kama mtu anayetaka kuongezewa.

"Toka!" mwalimu alifoka kwa kunong'ona, mishipa ya shingo imemsimama. "Toka na hilo sinia!"

Shangazi, mstari wa mbele, alikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Ukumbi mzima ukamfuata.

Mkwaruzo akainuka, akashuka jukwaani mikono mitupu, akapita katikati ya watazamaji na kutokea mlango wao. Taa zikabaki zinawaka juu ya meza. Mwalimu alipunga mikono, akapiga kelele, wapi! Binti wa watu hakugusa kitu.

Mwishowe mwalimu alijitokeza mwenyewe na suti yake, akanyanyua sinia, akainamisha kichwa kuangalia vikombe visianguke, akavuka nalo mlango. Giza likaingia. Makofi yakataka kung'oa paa.

Nje, kwenye korido, mtahini alimfikia Mkwaruzo.

"Mwisho ule nani kautunga?"

"Mimi."

"Basi wewe kushona sahau. Unabaki jukwaani, na mwalimu wako nitamwambia mwenyewe."

Hakuhitaji kumtafuta. Mwalimu alikuwa anakuja mbio, anahema, sinia bado liko mkononi.

"Unajua umenifanya nini wewe?"

"Nimekuachia sehemu yangu, mwalimu," alisema Mkwaruzo kwa sauti ileile ya kukwaruza, wala hakuishusha. "Na hukuiharibu."