Vizio Arobaini na Saba

3.
Tuanzie hapa. Moja na mbili ni salamu tu. Koku, mwanafizikia wa Bukoba, amekaa peke yake mbele ya kioo cha kompyuta katika nchi ya baridi. Anasubiri kiini cha atomu kishuke.

4.
Usinikunjie uso! Kiini ukikizungusha mtamboni kwa kasi ya ajabu kinarefuka kama papai. Kisha kinapunguza mwendo, na kila hatua kinatupa mwale wa nishati:

602
555
508
461
414

Tofauti ni vizio arobaini na saba, kiini hakikosei. Halafu

5.
Kimya.
Urefu wote unakwisha ghafla, kiini kinakaribia kuwa duara. Kimerukaje? Mwale wa mruko huo ni adimu. Koku anautafuta mwaka wa nne huu.

6.
TANGAZO
Msimamizi wa zamu haruhusiwi kuacha kiti. Akitoka, mtambo utazimwa na zamu yake haitarudishwa.

7.
Simu za Jumapili za bintiye, Kemi, miaka kumi na mmoja, aliyebaki kwa bibi:

dakika 26
22
18
14
10
6

Mtu na akili zake, kazichorea grafu. Jamani.

8.
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Umekula?"
"Nimekula."
"Shule?"
"Nzuri."
(Bibi, kwa mbali: "Kemi, ongea na mama yako vizuri!")
"Nimeshaongea."

9.
Jumapili tatu sasa, hapigi. Koku akipiga, bibi ndiye anayepokea: "Yuko nje anacheza."
Inauma. Basi tu, inauma.

11.
Jumatano, saa tatu asubuhi, zamu yake ya mwisho. Ndipo Koku akagundua ujinga wake: miaka yote alikuwa akisubiri hatua ndogo inayofuata, na kila kilichozidi elfu mbili amekikata kama takataka. Akafungua kipimo mpaka juu.

Kwenye elfu nne na kitu, mwale: 1.
Kisha 2.
Miale ikifika thelathini, hakuna wa kumbishia.

9.
(Tena. Hii haijaisha kuuma.)

12.
Kumi na saba.
Simu ikatetemeka mezani.

"Mama?"
"Kemi! Leo si Jumapili. Kuna nini?"
"Nataka kukuambia kitu. Ila ni stori ndefu, na wewe uko kaz—"
Kuta za zege zikaimeza sauti.
"Kemi? Usikate! Ngoja nitoke nje."

Kumi na nane.

13.
TAARIFA YA MTAMBO
Saa 3:22. Kiti hakina mtu. Mtambo umezimwa.

14.
Uani, theluji, hana hata koti.
"Haya, anza mwanzo, mwanangu."

15.
dakika 27 na bado