Mshahara wa Corinne

Wilma Kuczynski alikunja shuka la mwisho la zamu ya asubuhi, akavua glavu, akatoka kwenye joto la chumba cha kufulia cha hospitali bila kungoja wenzake. Mjukuu wake, Corinne, alikuwa akimsubiri getini. Wakaenda moja kwa moja kwa mtaalamu wa kodi. Ilikuwa Aprili, mwezi wa kuwasilisha hesabu za kodi, na mji mzima wa Toledo ulikuwa unahangaika.

Tangu Corinne aanze kuosha vyombo kwenye mgahawa wa baba yake, Wilma alikuwa akimwekea fedha katika akaunti ya uzeeni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwekewa na mtu, na sasa, akiwa na miaka sabini na moja, bado anakunja mashuka ya wagonjwa. Sheria aliijua: mtoto huwekewa kisichozidi mshahara alioupata kwa jasho lake. Mwanawe Darrell, baba wa Corinne, alimtoa wasiwasi. "We weka tu, Mama. Mshahara wake nauandikisha."

Mtaalamu, Bi Haskins, aliitazama kompyuta, akaitazama tena.

"Bibi, huyu binti hana mshahara."

"Hana vipi? Kila wikendi yuko jikoni!"

"Sikatai. Lakini hakuna aliyemlipa. Hakustahili kuwekewa hata senti. Faini itajirudia kila mwaka mpaka fedha zitolewe."

"Faini ya nani?"

"Ya mwenye akaunti. Huyu binti."

Wilma aliishika mikono ya Corinne, akaiweka juu ya meza. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa sabuni. "Na hii je?"

"Pole, bibi. Kodi haitazami mikono."

Corinne aliinamisha kichwa. "Bibi, baba alisema hizo unazoweka ndizo mshahara wangu. Alisema mlikubaliana."

Wilma alichukua pochi, akamshika Corinne mkono, wakaelekea kwa Darrell.

Mgahawani watu walikuwa wamejaa. Darrell alipowaona alitupa aproni juu ya kaunta. "Afadhali umekuja, Corinne. Vyombo vimefika darini."

"Ulimlipa mtoto wako kwa jasho langu," Wilma alisema.

"Mama, si mbele ya wateja." Akashusha sauti. "Mayai yamepanda, kodi ya pango imepanda. Ningemlipa na nini? Na fedha si zilimfikia? Sisi ni familia bwana."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Corinne aliitazama aproni, asiiguse. "Muite mtu unayemlipa, baba," alisema, akatoka nje.

Darrell alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kushika. Akammiminia mama yake kahawa kwenye kikombe cheupe, kama Jumapili zote. "Kaa basi. Tutayaongea."

Wilma alifungua pochi. Akaweka dola mbili kando ya kikombe, kama mteja yeyote, akaondoka bila kuionja.