Ugonjwa wa Mwezi

Damasi alitunza farasi wa mzungu mmoja katika bonde la Kiru kwa miaka kumi na saba. Mzungu alipofunga virago, farasi wote walipata wanunuzi isipokuwa Dora, jike mwekundu ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limefunga utando mweupe.

"Mchukue wewe," mzungu alimwambia. "Ana ugonjwa wa mwezi. Wazee wetu waliuita hivyo, walidhani unakuja na kuondoka pamoja na mwezi. Ukishaingia hautoki, Damasi. Siku moja utahamia jicho la pili."

Damasi alimpeleka Dora nyumbani kwake Mutuka, akamtengenezea mkokoteni. Miaka ile dizeli ilikuwa ya kusikia redioni tu. Magari pale Babati mjini yalikuwa yamekaa juu ya mawe bila matairi, na Dora ndiye aliyepeleka mahindi mashineni na wajawazito hospitalini. Watoto walimpigia makofi akipita.

Mwaka wa themanini na nne, asubuhi moja, Damasi alimkuta amefumba jicho la kulia, machozi yanachuruzika hadi puani, anakimbiza uso jua lisimguse. Alitembea hadi mjini kwa bwana mifugo. Bwana mifugo akamfungulia kabati aone mwenyewe: chupa tupu na buibui.

Akamfunga Dora kitambaa, akamweka kivulini. Siku ya tisa jicho likafunguka, likang'aa. Baada ya miezi miwili likaumwa tena, likapona tena. Damasi alijaribu kulinganisha na mwezi, lakini mara ya kwanza ulikuwa mwandamo na mara ya pili ulikuwa mpevu. Ugonjwa ulikuja ulipotaka. Alichokiona yeye, ambaye alilitazama jicho lile kila siku, ni kwamba kila likipona, ndani yake kulibaki ukungu kidogo ambao mwanzoni haukuwapo.

Mwezi uleule mkewe, Natalia, alijifungua. Mvua ilikuwa imekataa, nyumba nzima inakula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na maziwa yake hayakutoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka.

Ndipo alipokuja Modesti, katekista, jirani yao, aliyemsimamia Severine, kifungua mimba wao, siku ya ubatizo.

"Baba Severine, nina ng'ombe wawili wanaokamuliwa. Wewe una mtoto mchanga, mimi nina vigango vinne vya kuzungukia na miguu imechoka. Tubadilishane."

Modesti alizunguka, akamtazama Dora usoni.

"Hili la kushoto najua limekufa. La kulia je?"

"Si unaliona mwenyewe, Katekista?"

"Naona linang'aa kama kioo."

"Basi."

Wakashikana mikono. Jioni ile mtoto alikunywa maziwa, akalala. Natalia alipiga magoti akashukuru, na Damasi akatoka nje asimsikie.

Wiki ya sita Modesti alirudi. "Farasi anatoa machozi. Ni nini?"

"Vumbi," Damasi alisema. "Mweke kivulini, atapona." Na kweli alipona. Modesti akamtumia salamu za shukrani.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipoanza, Modesti alikuwa akirudi kutoka Nakwa. Walipofika kwenye daraja la miti, Dora alisita, akapapasa kwa kwato, kisha akakanyaga pasipo na kitu. Mkokoteni ulimfuata Modesti chini ukamvunja nyonga. Dora alivunjika miguu ya mbele, na watu wa Nakwa wakammaliza kwa shoka palepale.

Damasi alikwenda hospitalini siku ya tatu. Modesti alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga.

"Alikuwa haoni kabisa," Modesti alisema. "Mtu anawezaje kuwa kipofu leo na jana alikuwa anaona? Ugonjwa huo una jina?"

Damasi angeweza kusema hajui.

"Unaitwa ugonjwa wa mwezi," alisema.

"Tangu lini unalijua jina hilo?"

"Tangu Kiru."

Modesti aligeuza uso ukutani. Damasi alisimama pale mpaka muuguzi akamwambia muda umekwisha.

Kesho yake alfajiri aliwafungua ng'ombe wote wawili. Natalia alilia, akamshika shati, lakini hakumzuia. Damasi akawaswaga hadi nyumbani kwa Modesti. Ursula, mke wa katekista, alikuwa analima peke yake shamba ambalo kila mwaka walililima wawili. Alimwona, hakuinua mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Rudi nao."

"Mama, ni wenu. Nimekosa. Naomba..."

"Umekuja ili tukipokea upate usingizi." Ursula alichoma jembe ardhini. "Hatupokei. Mtoto wako hana kosa, anywe maziwa. Wewe nenda."

Akaendelea kulima. Damasi alisubiri mpaka jua likawa kali, kisha akawageuza ng'ombe. Njiani alikutana na Aminiel, fundi baiskeli, aliyewatazama wanyama kwa husuda.

"Hongera, Baba Severine! Njaa yote hii, wewe unanunua ng'ombe?"

"Ndiyo," Damasi akajibu, akawachapa fimbo watembee.