Vifungo vya Kapteni

Fundi hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na televisheni, hakuwa na mke tangu marehemu alipotangulia, hakuwa na miwani iliyomkaa sawasawa, wala hakuwa na subira na mtu aliyesema kwamba riwaya za zamani zinachosha. Na hakuwahi kuliona jina lake limeandikwa popote, isipokuwa kwenye kitambulisho na kwenye kibao cha duka alichokipaka rangi mwenyewe.

Hivyo, msimamizi wa mavazi wa kampuni moja ya filamu alipokuja dukani kumwomba ashone koti la kapteni kwa ajili ya tamthilia ya kale, akimwahidi kwamba jina lake litaandikwa mwishoni, Fundi alikubali kabla hajaambiwa urefu wa kapteni. Watu walimwita mwanamke huyo Mama Mavazi. Alimwachia kitambaa, vifungo tisa vya shaba na picha ya koti la zama zile.

Hadithi yenyewe Fundi aliijua. Aliisoma katika masomo ya jioni, akiwa tayari baba wa watoto wawili. Tangu hapo hakuna tamthilia ya aina hiyo iliyompita. Alipenda jinsi watu wale walivyovua glavu taratibu, walivyosubiri barua wiki tatu, na walivyoweza kuvunjana moyo bila mtu kupaza sauti.

Kila Jumapili alasiri alikwenda kutazama kwa dada yake mdogo, mjane mwenye televisheni kubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Sasa huyu binti atamkataa," alisema Fundi siku ya sehemu ya kwanza.

"Kaka, hebu nyamaza! Wewe umesoma, sisi wengine tunatazama."

Mara kapteni akaingia sebuleni, kavaa koti. Dada akapiga kigelegele. Fundi alinyoosha shingo, akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

Koti lilikuwa limefungwa kike.

Koti la mwanamume huwa na vifungo upande wa kulia na matundu upande wa kushoto. La mwanamke ni kinyume chake. Hilo hata mwanafunzi wa wiki mbili analijua. Lakini Fundi alikuwa ameshona magauni na blauzi kwa miaka arobaini, na mkono wa mazoea hauombi ruhusa. Alitoboa matundu tisa upande wa kulia, akapiga pasi, akafunga mzigo. Mama Mavazi alilipokea koti asubuhi ya kupiga picha, mwigizaji akiwa tayari anaitwa.

"Mbona unatoka jasho?" aliuliza dada.

"Joto."

Mwisho wa sehemu ile majina yalipita. Fundi alikuwa amemkataza dada yake asiguse rimoti mpaka lake lipite. Likapita, kwa herufi nyeupe, na dada akalisoma kwa sauti mara mbili. Fundi alilitazama kama mtu anayetazama picha yake kwenye tangazo la mwizi.

Labda hakuna atakayeona, alijipa moyo. Wiki nzima alijikaza kisabuni. Ijumaa, mwalimu mmoja mstaafu aliandika gazetini kwamba kapteni, kwa haraka ya vita, alikuwa amevaa koti la mkewe.

Jumamosi Mama Mavazi alikuja dukani. Hakuja kugombana. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akakunja mikono.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, mwanangu?"

"Nadhani ile picha niliyokupa ilichapwa kinyume. Kulia ikawa kushoto. Wewe ulifuata ulichopewa. Jumatano ijayo wameniita ofisini. Mkurugenzi anasema asiyeona vifungo tisa haoni kitu, na sehemu zinazofuata atapewa mtu mwingine."

Picha ilikuwa kwenye droo, nusu mita kutoka gotini pa mgeni. Haikuwa imechapwa kinyume. Ilikuwa sahihi, na Fundi alikuwa ameizungushia alama za chaki kwa mkono wake mwenyewe.

"Mungu atasaidia," alisema Fundi.

Ndilo jibu alilompa. Mwanamke yule akashukuru, akaondoka.

Jumapili kapteni alimuaga binti getini, mvua ikinyesha. Ilikuwa sura nzuri kuliko zote kitabuni, na dada alilia hadi akaomba kitambaa. Fundi hakuona mvua wala binti. Aliona vifungo, kimoja baada ya kingine, tisa, kisha akaanza tena juu.

"Una nini wewe?" dada aliuliza, akazima sauti. "Mtu anaachwa kwenye mvua, nawe umekaa kama umemeza sindano!"

Akamweleza yote. Dada alicheka kwanza, akajipiga paja. "Kapteni kavaa blauzi! Jamani, kaka!" Kisha kicheko kikakatika. "Na huyo mama wa watu umemwambia?"

"Nimwambie nini? Watu watasema mimi fundi gani? Jina langu watalifuta."

"Watalifuta, ndiyo. Na yeye watamfuta kazi."

Fundi alichukua kofia yake akaenda zake, majina ya siku hiyo hayajapita.

Jumatatu alifunga duka mchana, akaandika. Rasimu ya kwanza ilieleza habari ya miwani. Akaichana. Ya pili ilieleza haraka ya kazi na ubaya wa umeme. Akaichana hiyo pia. Hadi jioni alikuwa hajaandika la maana. Jumanne asubuhi aliandika mistari minne:

"Mheshimiwa Mkurugenzi, kosa la vifungo ni langu. Picha niliyopewa na msimamizi wako ilikuwa sahihi, nimeiambatanisha pamoja na alama zangu za chaki. Aliniamini, na alipokuja kuniomba radhi nilinyamaza. Jina langu liondoeni, lake liacheni."

Akaongeza kwamba matundu yanaweza kuzibwa na mengine kutobolewa upande wa pili, na kwamba angeifanya kazi hiyo bure. Akasoma tena.

Posta ingechukua siku nne. Akamwita mpeleka vifurushi wa pikipiki aliyekuwa kituo cha jirani.

"Leo hii, kabla hawajafunga," alisema. "Mpe mkurugenzi mwenyewe, mkononi."

"Mzee, ni barua ya mapenzi nini?"

"Ingekuwa hiyo, ningeitia posta."

Akaingiza picha na karatasi kwenye bahasha, akalamba gundi, akapitisha ukucha ukingoni kama anayelaza mshono, akamkabidhi. Pikipiki ikawaka, ikaondoka.