Siku Tano za Pagume

Mchoro wa hesabu ya wagonjwa wa jaribio la dawa ulikuwa na visanduku saba tu, lakini kisanduku cha sita kilimnyima Dokta Woinshet raha tangu asubuhi. Kilisema: vidonge, wagonjwa 150, hawakurudi, 9. Jarida la Ulaya lilikuwa limekwisha kuikubali makala yao, ila mhakiki mmoja, mkorofi kama walivyo wahakiki wote, alitaka kujua hao tisa walikwenda wapi. Jibu lilitakiwa kabla ya saa kumi jioni.

Miaka minne walikuwa wamehangaika na jaribio hilo pale Gondar. Vibarua waliotoka mashamba ya ufuta ya bondeni na kalazar mwilini, ugonjwa wa kuvimbisha wengu unaoua usipotibiwa, waligawanywa kwa kura, nusu wapate sindano za zamani, mwezi mzima wa maumivu, nusu wapate vidonge vipya. Baada ya miezi sita waliitwa kupimwa. Vidonge vilishinda. Vilishinda kwa kidogo sana, lakini vilishinda, na wizara ya afya ilisubiri makala itoke tu ndipo ivisambaze nchi nzima.

Profesa Alemseged, aliyemshika mkono tangu akiwa mwanafunzi, alichungulia mlangoni na kumwambia asijisumbue. Vibarua ni watu wa kuhamahama, aandike kwamba wamepotea, basi. Kila jaribio lina waliopotea. Woinshet akaanza kuandika hivyohivyo, huku akipitia namba za wale tisa. Alipofika 118 vidole viligoma.

Namba 118 alikuwa Mulat. Alimkumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa sikukuu ya malaika Rufaeli, ambayo mvua yake huhesabiwa baraka, nayo ilikuwa ikinyesha, watoto wakioga uchi uani, na Mulat amelala dirishani akiwatazama na kucheka. Wengu wake ulikuwa umevimba tena hadi kitovuni. Ilikuwa miezi sita baada ya vidonge. Woinshet alilibonyeza tumbo lile kwa mkono wake mwenyewe, sasa kompyuta inamwambia mtu huyo hakurudi.

Alishuka ngazi mbio hadi chumba cha mafaili. Sista Zenebech, muuguzi aliyejaza fomu zote za jaribio, alikuwa akitafuna shayiri ya kukaanga bila haraka yoyote.

"Sista, namba 118 alirudi?"

"Alirudi. Tukamzika wiki ya mwaka mpya." Sista alimtazama juu ya miwani. "Mimi niliandika, mwanangu. Ninyi wa kompyuta ndio sijui mlifanya nini."

Walizitandaza fomu mezani. Wale tisa wote walikuwemo, pamoja na wawili wa sindano ambao nao walihesabiwa wamepotea. Tarehe zao zilikuwa za Pagume, siku zile tano za mwezi wa kumi na tatu wa kalenda yao, kabla ya mwaka mpya, na siku ya Rufaeli imo humo. Wazima waliambiwa waje baada ya sikukuu, wakaja, wakahesabiwa. Waliojikokota kuja Pagume ni wale ambao ugonjwa haukuwaruhusu kungoja. Kompyuta ilikuwa na miezi kumi na miwili, ikazikataa tarehe zao, karani akaacha pengo, na kila pengo likasomeka hakurudi.

Na nani aliitengeneza programu hiyo? Ni yeye mwenyewe Woinshet, mzaliwa wa Gondar, aliyeogeshwa mvua ya Pagume kila mwaka hadi akaota meno ya ukubwa. Miaka mitatu tu ya Ubelgiji ilitosha kumsahaulisha mwezi mzima. Aliona aibu hadi masikio yakawaka.

Alihesabu upya mara tatu. Vidonge vilishindwa, na safari hii havikushindwa kwa kidogo.

Ilikuwa saa tisa na nusu alipomwekea Profesa karatasi mbele. Mzee alizisoma amesimama. Aliuliza nani mwingine ameziona, akajibiwa Sista Zenebech, akapumua kidogo.

"Huyo ni mtu wetu," alisema. "Tuma ile ya zamani. Mwakani tutaandika masahihisho, taratibu, bila kelele."

"Mwakani wagonjwa watakuwa wamekwisha kuvimeza vidonge hivi, Profesa."

"Ukituma hii tumekwisha, mimi na wewe." Kisha akaongeza kwa upole, na upole huo ulimchoma zaidi: "Na programu uliitengeneza wewe, binti yangu."

"Ndiyo. Hilo pia nimeliandika."

Profesa alizikunja ncha za karatasi. Woinshet alimwomba Mungu amfungue mdomo mzee huyu aseme neno jingine, neno lolote.

"Basi jina langu litoe," alisema Profesa, akatoka.

Woinshet alilitoa. Alilia kidogo akilitoa, maana bila jina hilo hata yeye asingekuwa daktari. Akafuta ushindi katika kichwa cha makala, akafuta katika hitimisho, akarudi kwenye mchoro. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. Fomu ya 118 ilikuwa kando ya mkono wake, na chini ya tarehe Sista alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: Amerudi. Kwa miguu, siku mbili njiani.

Woinshet alifuta 9 katika kisanduku cha sita, akaandika 0, akatuma.